Kata Lisilohusika

Fomu ya darasa la tatu ilikuwa na mstari huu:
Jina la mzazi/mlezi (kata lisilohusika).
Mwalimu Chilumba alipita akigonga rula kwenye madawati.
Wenzangu walikata upesi, kama wanamenya muhogo.
Mimi niliyaacha maneno yote mawili yamesimama,
na ule mkwaju katikati yao
kama mlango usiojua ufungukie upande gani.

Nililetwa Newala na gari la ustawi wa jamii, msimu wa salfa,
mikorosho imepauka kwa unga wa njano,
harufu ya kiberiti hadi kwenye chai.
Miaka sita, mfuko wa rambo,
na kovu ambalo kila aliyeliuliza nilimpa hadithi yake.
Dereva akanyoosha kidole: Lile pale ni Shimo la Mungu.
Yeye alikuwa anaonyesha mandhari.
Mimi nikajua ndiko ninakotupwa.

Sikutupwa.
Mama Somoe Nandonde aliuliza kitu kimoja: Umekula?
Nikasema ndiyo.
Nilikuwa sijala tangu Lindi,
ila nilishajua jibu linalowatuliza wakubwa.

Usiku ule nilikojoa kitandani.
Na uliofuata. Na uliofuata.

Sasa sikiliza, wewe uliyekulia penye bomba:
huku juu maji hupandishwa.
Mvua ikigoma na tangi likilia tupu,
watu hushuka bondeni kabla ya alfajiri
na kurudi jua linawachoma kisogo,
ndoo kichwani, shingo haigeuki hata ukiitwa.
Yule mama alifua shuka langu kila asubuhi.
Hakusema, Tena?
Hakulianika mbele, wanakopita watu.
Alilianika nyuma ya jiko, katikati ya kanga zake mbili,
kama mtu anayemsitiri mgeni.

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Watu ambao hawajapandisha ndoo.

Kisha akayaona makopa chini ya godoro,
na matonge ya ugali yaliyoota ukungu, na mavi ya panya.
Nikajikunja ukutani, mikono juu ya kichwa,
nilivyofundishwa na nyumba ya kwanza.
Hakusogea.
Aliketi sakafuni, mbali, akachambua mbaazi
hadi mikono yangu ikachoka kukaa juu.
Halafu akaleta kopo la maziwa ya unga, lenye mfuniko.
Weka humu, akasema. Panya hawana adabu.

Nilikuwa na miaka tisa shuka lilipoamka kavu.
Alilipapasa. Akalipapasa tena.
Akasimama uani na ndoo nzima mkononi
kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda,
mwishowe akaumwagilia mchicha.

Usidhani nimepona.
Nina miaka thelathini na moja, nina duka la vipuri Masasi,
na mlango ukibamizwa bado napima umbali wa dirisha.
Mkobani hakukosi korosho za kukaanga, hata siku ya harusi yangu zilikuwepo.
Mke wangu huzikuta, hunyamaza, huongeza nyingine.
Mwaka fulani nilibangua korosho mbichi, mafuta ya ganda yakanila vidole;
ngozi mpya iliota laini mno,
ikaumia hata kwa kushika kikombe.
Ndivyo. Sina mfano mwingine.

Juzi, wodini Ndanda, nilimkuta ameelekea ukutani.
Nilimwita, akajifanya amelala.
Nikagusa shuka.

Hakuna aliyesema neno.
Nikamvika kanga kavu,
nikatoka na lile shuka hadi kwenye karo la nyuma,
nikafungua maji, mengi, yakitiririka tu kama si kitu.

Muuguzi akanifuata na fomu yake:
Uhusiano na mgonjwa? Wewe ni nani wake?

Sikumjibu hapo hapo.
Mikono ilikuwa na povu.